Saa za Asante

Dammam, 14 Februari 1996

Manang Luding, dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye mchanga. Mimi ni mzima, ila ngozi inapasuka kwa ukavu na kutwa nzima ninapaka mafuta. Nanay anaendeleaje na ule mguu? Mwambie mama yetu aache kwenda shambani kila asubuhi. Najua utamwambia, na najua hatasikia. Wiki iliyopita Merlyn, yule nesi wa Capiz ninayelala naye chumba kimoja, aliletewa samaki wakavu na binamu yake Rodel, fundi umeme wa hapa jirani. Tukawakaanga. Wasichana wa Kihindi wa ghorofa ya juu wakashuka kuuliza nani amekufa humu. Tulicheka mpaka machozi.

Ninang Pacing anawasalimu. Bado ndiye mkuu wa wodi yetu, na bado ananitambulisha kwa kila daktari mgeni: "Huyu ni mwanangu wa ubatizo, siku ya kubatizwa alinikojolea gauni." Nimeomba aache, wapi. Ananipenda, siwezi kukataa. Lakini Manang, hatutoki kazini. Zamu ya asubuhi inaisha saa tisa alasiri, tunakabidhi wagonjwa kwa wenzetu, halafu Ninang anasema, "Kaeni kidogo, wenzenu wamezidiwa." Kidogo hicho hufika saa moja usiku, na siku nyingine kinameza zamu ya pili nzima. Nawe unatujua sisi. Nani atabeba mkoba aage wakati mama yake wa ubatizo bado yuko kwa miguu?

Juzi Merlyn aliniuliza kama nalipwa saa za ziada. Nikamwambia kwetu Iloilo tulizoea saa za asante: unabaki, daktari anasema asante, unakwenda zako kulala. Akanitazama kwa huruma. "Mwenzangu, hapa asante ina bei." Mkataba wetu ni saa arobaini na nane kwa wiki. Zinazozidi hapo, kila moja inalipwa kama saa ya kawaida na nusu yake juu. Sharti ni moja tu, mkubwa wako awe amekuamuru ubaki. Ukibaki kwa kupenda kwako, hupati kitu.

Miaka miwili niko hapa na sijawahi kuiona hiyo nusu juu. Nimuulize Ninang? Wewe ndiye mwalimu, niambie.

Mdogo wako,
Vangie


Pototan, 9 Machi 1996

Inday,

Mdogo wangu, barua yako imefika ikiwa imekunjwakunjwa lakini nzima. Nasi ni wazima. Mguu wa Nanay umepungua uvimbe, kwa hiyo sasa anakwenda shambani mara mbili kwa siku badala ya moja. Anasema mpunga ukikosa mtu wa kuutazama unanuna. Shuleni nimepewa darasa la nne, watoto hamsini na mbili na madawati ya watoto thelathini, tusiongee hayo.

Sanduku la Ninang Pacing limefika pia, mumewe Nong Dadoy alilileta mwenyewe. Sabuni za kunukia, maziwa ya unga, blanketi la Nanay. Nanay ameliweka kabatini, anasema ni zuri mno kulalia.

Kuhusu swali lako, usimuulize. Ulipokaa Manila ukizunguka na vyeti vyako kwenye bahasha, nani aliyepeleka jina lako huko? Kuna madada wangapi wa darasa lako wanaouza vipodozi mpaka leo? Mtu amekuingiza nyumbani mwake, hukai mezani ukaanza kumuuliza bei ya wali.

Tena uliniambia barua zote za wodi, zinazoingia na zinazotoka, hupitia kwa mkuu, naye ndiye anayezigawa. Likumbuke hilo kila unaposhika kalamu.

Kula vizuri. Nanay anasema kwenye picha umekonda shingo.

Manang Luding


Dammam, 2 Mei 1996

Manang,

Natumaini hamjambo wote. Hii haipiti kwa Ninang. Rodel anakuja likizo na ameahidi kuileta mwenyewe, kwani basi la kwenda kwao Capiz linapita hapo. Mpeni kahawa, ni kijana mwenye adabu.

Nilikusikiliza, sikuuliza. Waliouliza ni Merlyn na wenzetu wawili. Walikwenda kwa mhasibu wa mishahara bila kuniambia, na mhasibu akatuita wodi nzima. Ninang akaja pia. Hakuonekana amekasirika. Alisimama ubavuni mwangu, akaona kola yangu imekunjika, akaanza kuninyooshea. Mhasibu akaanza na mimi kwa sababu nilikuwa karibu na meza. Akauliza, "Wewe, ukibaki baada ya zamu, unaamriwa au unabaki mwenyewe?"

Vidole vya Ninang vilikuwa bado shingoni mwangu. Nikasema, "Ninabaki mwenyewe, bwana."

Manang, nakuapia, wakati ule sikuona kama ninadanganya. Niliona ninafanya adabu. Ningesemaje mbele yake, mbele ya mwanamume mgeni, kwamba yeye ndiye anayetuzuia? Ingekuwa kama kumvua nguo sokoni. Nilidhani mhasibu ataelewa, maana kwetu mtu yeyote angeelewa. Yeye akageukia wenzangu akasema, kama binti wa mkuu mwenyewe anabaki kwa hiari, ninyi mnadai nini? Mambo yakaishia hapo.

Ninang alinipa tufaha siku ile. Merlyn hasemi nami. Ananingoja nimalize kupika ndipo aingie jikoni, na usiku anageukia ukuta. Nilimwambia samahani. Akasema, "Samahani ya nini? Si ulibaki mwenyewe?"

Sijisikii vizuri, Manang. Nawaza kulirekebisha lile neno. Nirudi kwa mhasibu?

Vangie


Pototan, 28 Mei 1996

Inday,

Rodel amefika, kijana mzuri kweli, amekunywa vikombe vitatu. Nanay hajambo. Mvua zimeanza na tumeshapandikiza miche, mgongo wangu ndio unaojua. Nong Dadoy alipita jana akazunguka kwenye matuta, akasema mpunga mwaka huu utakuwa mzuri.

Usirudi kwa mhasibu. Ulijibu kama binti aliyelelewa. Huyo Merlyn atachoka kununa, chumba ni kimoja.

Sina mengi, nina madaftari ya kusahihisha.

Manang Luding


Dammam, 21 Juni 1996

Manang,

Nawasalimu kwa haraka. Leo ndiyo siku ya basi la sokoni, nitaiingiza hii posta ya mjini kwa mkono wangu.

Lililotokea ni hili. Merlyn alifanya zamu ya jioni, na ilipoisha Ninang akamwambia abaki na ya usiku, kwa kuwa mwenzetu mmoja alikuwa na homa. Nilikuwapo, nami nikiwa wa zamu ya usiku, nilisikia kwa masikio yangu. Alfajiri, amesimama kwa sababu akikaa atalala, Merlyn alimpa mtoto mmoja dawa ya mtoto wa kitanda cha pili. Mtoto alipata degedege. Tulimshika, tukampigania, na tunamshukuru Mungu yuko hai na jana alikula uji. Lakini Merlyn amesimamishwa kazi. Kikao ni tarehe kumi na nane Julai. Akionekana ana kosa atarudishwa nyumbani, na leseni yake itafutwa huku na labda na kwetu pia. Ana watoto wawili kwa mama yake.

Yeye amesema aliamriwa kubaki. Ninang amesema hakuna anayeamriwa kwenye wodi yake, wasichana hubaki kwa moyo wao, muulizeni Evangeline, alishasema mbele ya mhasibu. Unaona? Kama alibaki mwenyewe basi alichoka mwenyewe, na kosa ni lake peke yake. Neno langu ndilo wanalotaka kumfukuzia. Wameniita nikalirudie.

Na lingine nimelijua. Mkuu ambaye wodi yake haina saa za ziada hupewa zawadi kila mwisho wa mwaka. Ndizo zinazojaza masanduku. Zile sabuni mnazoogea, Manang, ni usingizi wetu.

Nilimfuata Ninang chumba cha dawa. Nikamwambia, tena kwa sauti ya chini, "Ninang, siwezi kulisema tena." Alikuwa anahesabu vichupa, hakuinua uso. Akasema, "Kabla hujafungua mdomo, muulize dada yako mnalima shamba la nani."

Basi nakuuliza. Kwa nini Nong Dadoy anakagua mpunga wetu? Ulinificha nini? Nijibu upesi, na usinijibu kwa habari za madaftari.

Vangie


Pototan, 15 Julai 1996

Inday,

Barua yako imefika juzi. Nanay hajambo. Rodel amepita hapa akielekea Iloilo kupanda ndege, kesho anaondoka Manila, atafika huko kabla ya kikao chenu. Yuko jikoni na Nanay wakati naandika, wanacheka kitu. Ataibeba hii. Hajui ninachoandika.

Umeuliza, nakujibu. Wakala wa Manila alitaka pesa zake zote kabla ya kukupa tiketi. Ulidhani nimezitoa wapi, kwenye mshahara wa mwalimu? Nilikwenda kwa Nong Dadoy. Shamba la baba, marehemu Tatay, limo rehani kwake tangu wiki uliyoondoka. Kwa desturi angelichukua siku ileile na kulilima yeye mpaka tumlipe. Ni Ninang Pacing aliyemwandikia atuache tuendelee kulima na kumpa fungu lake. Nanay hajui. Kila asubuhi anakwenda kuongea na mpunga anaodhani ni wake. Unachotuma kinakwenda kwa Nong Dadoy na kwenye dawa, na bado deni halijafika hata nusu.

Usinipigie kelele kwamba nilikuficha. Ningekwambia, ungepanda ile ndege? Ungekataa, na sasa ungekuwa unauza vipodozi nasi tungekuwa na shamba na njaa.

Nong Dadoy alikuja Jumamosi. Hakupaza sauti. Alisema mkewe amempigia simu, na kama binti wa ubatizo atamwaibisha mbele ya wageni, basi undugu umekwisha pande zote na kila mtu achukue chake.

Kwa hiyo usiseme. Sema ulivyosema kwanza, au sema hukumbuki, watu husahau. Huyo Merlyn ana kwao, ana mama, ana ndugu wa kumlilia. Atapata kazi nyingine. Nanay hatapata shamba lingine. Nakuomba kama dada, na kama kuomba hakutoshi, basi nakuamuru, maana mimi ndiye niliyekulea Nanay alipokuwa akilima.

Najua umenikasirikia. Kasirika, lakini nyamaza.

Manang Luding


Dammam, 19 Julai 1996

Manang,

Wasalimu wote. Nilingoja jibu lako mpaka siku ya mwisho. Kila Ninang alipogawa barua nilisimama na mkono nje, na kila mara alipita. Rodel hajarudi, wanasema karatasi zake zimekwama Manila. Kwa hiyo niliingia kikaoni bila neno lako, sijui kama uliandika au ulikataa kuandika.

Walikuwapo mkurugenzi, daktari mmoja na mkalimani. Merlyn alikaa mwisho wa meza, mikono mapajani. Ninang alikuwa mbele yangu, sare imepigwa pasi, alinitikisia kichwa kama mama anayempa moyo mtoto wa kuimba kanisani. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa na hakika nami.

Mkalimani akauliza swali lilelile. Nikasema tuliamriwa. Nikasema usiku ule nilisikia Merlyn akiambiwa abaki, nikataja na maneno yenyewe. Mkurugenzi akauliza kwa nini Aprili nilisema vingine. Nikasema nilidanganya kwa sababu mkubwa wangu alikuwa amesimama karibu, na kwetu mtoto hamuumbui mkubwa mbele ya watu. Mkalimani alichukua muda mrefu kutafsiri hilo, na sidhani kama lilifika.

Ndipo Ninang akasema nami kwa Kiilonggo, lugha ya kwetu, polepole, "Inday, ni nani aliyekuleta hapa?"

Nikasema, "Ni wewe, Ninang. Na ni wewe uliyetuambia tubaki."

Mkalimani akatuuliza tumesema nini. Sisi watatu tunaoijua lugha ile hatukumtafsiria.

Merlyn amepewa onyo la maandishi na anabaki kazini. Saa zao za nyuma watalipwa. Zangu hazitalipwa, kwani nilishasema mwenyewe kwamba ni za hiari, na limeandikwa. Haidhuru. Kuanzia sasa kila anayebaki, jina lake litaandikwa na mkuu kabla ya zamu kuisha. Ninang hajaondolewa. Leo amegawa kazi kama kawaida, ila kwangu hakutaja jina, alionyesha kitanda kwa kidole. Saa tisa ilipofika nikachukua mkoba wangu. Nikapita mbele ya Ninang. Hakuna aliyenizuia. Nimefika chumbani nikalia sana, sijui nilikuwa namlilia nani.

Manang, sijui hasa shamba limefungwaje, lakini si mjinga, nimekisia. Kama limekwenda, mimi ndiye niliyelipeleka. Nimemwona yule mtoto akikakamaa mikononi mwangu. Nimeona Merlyn akifunga sanduku lake kabla hata ya kikao. Sikuweza. Kama utaniandikia, niandikie. Kama hutaniandikia nitaelewa.

Vangie


Pototan, 30 Agosti 1996

Inday,

Nanay anakusalimu, anauliza kama unalala. Mimi nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilipoisoma barua yako niliitupa uani, kisha nikatoka kuiokota kabla mvua haijailowesha. Hii naituma kwa posta ya kawaida. Ninang akiifungua, na asome yote.

Nong Dadoy alikuja na watu wake wiki mbili zilizopita. Mpunga ulikuwa ndio umeanza kutoa masuke. Nanay aliwaona kutoka dirishani akadhani wamepotea njia, akaenda kuwaelekeza. Nikamkimbilia. Nilimweleza palepale kwenye tuta, yote, rehani na wakala na wewe na kikao, mbele ya wale wanaume waliosimama na mapanga wakitazama miguu yao. Nanay akakaa chini kwenye majani yaliyolowa. Nilingoja anipige. Akauliza, "Na yule msichana wa Capiz, wamemwacha kazini?" Nikasema wamemwacha. Kisha akawaambia wale watu kwamba kona ya karibu na mfereji hufurika, wafungue maji mapema kabla ya mvua ya jioni, la sivyo watapoteza mistari yote ya pale. Akainuka akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hajakanyaga huko.

Sasa tunanunua mchele dukani kwa kilo. Anasema unanuka gunia. Deni lenyewe bado lipo, tutalilipa tukiwa wazee. Nong Dadoy alinitumia mtu kusema kwamba ukiandika barua ya kumwomba radhi Ninang, mambo yanaweza kuzungumzika. Nikamjibu kwamba mdogo wangu hajambo na hana la kuombea radhi. Nililia baadaye, nisikudanganye, shuleni, mbele ya darasa la nne, nikawaambia ni vumbi la chaki.

Kuna jambo moja, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Mwezi wa Julai nilikuandikia kabla sijajua utakavyosema. Nilimpa Rodel. Yeye bado yuko Manila, wakala anamzungusha, lakini wamemwambia ataondoka wakati wowote wiki hii. Nilikwenda mjini kupiga simu nyumba aliyofikia. Nikamwomba aichane. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, Manang, imo ndani kabisa ya begi, nitaifikisha kwa mkono wangu." Sikuweza kumweleza kwa nini. Ameibeba mwenyewe, Inday, kutoka jikoni kwetu, alipokuwa akicheka na Nanay, barua ya kumwangamiza binamu yake.

Ikikufika, usiifungue. Na kama umeshaifungua, usimwonyeshe Merlyn.

Dada yako,
Luding